Hadi diski au SSD: kwanza sema unaweka nini

Ukiingia duka la kompyuta Luthuli Avenue, Nairobi, utasikia ubishi huu kabla hujauliza bei: data uiweke kwenye hadi diski, yenye sahani za sumaku zinazozunguka, au kwenye SSD, inayohifadhi kwa chipu tu?

Ukitaka terabaiti 4 za video za harusi, hadi diski ndiyo nafuu. Hapo tuwashukuru Albert Fert wa Ufaransa na Peter Grünberg wa Ujerumani. Mwaka 1988, kila mmoja na kundi lake, waligundua kwamba ukipanga matabaka membamba mno ya chuma na kromiamu, ukinzani wa umeme hubadilika sana yakikaribiwa na sumaku, maana elektroni hupita kwa urahisi au kwa taabu kulingana na spini zao, yaani usumaku mdogo wa kila elektroni. Mwaka 1997 IBM ikatoa diski yenye kichwa cha kusomea cha aina hiyo. Alama ndogo zaidi za sumaku zikasomeka, nafasi ikaongezeka. Nobel ya Fizikia wakaipata 2007.

Kasi? SSD, hakuna mjadala.

Kwenye uimara ndipo pana mambo. Kichwa cha hadi diski huelea nanomita chache tu juu ya sahani inayozunguka. Laptopu ikiwa imewashwa na matatu iruke tuta, kichwa hicho kinaweza kuikwaruza sahani. SSD haina kinachozunguka, ila huchakaa kwa kuandikwa, na ikikaa kabatini miaka bila stima inaweza kupoteza data. Tena hadi diski mara nyingi hulalamika kwa kelele kabla ya kufa. SSD hufa ghafla tu. Silipendi hilo.

Mwanafunzi anayepanda matatu na laptopu, SSD. Mpiga picha, hadi diski mbili, moja ikae nyumba nyingine.