Baiskeli ya shokapu mbili kwa milima ya Kigoma: ipi uitolee hela?

Anayetoka Mwanga kwenda Kibirizi kufuata dagaa hushuka akipiga mluzi. Kurudi ndiko kwenye kazi. Ulaya wapo wanaopandishwa kileleni kwa lifti pamoja na baiskeli zao, wao wakabaki na kuteremka tu. Huku lifti ni mapaja yako. Ndiyo maana nikipanga baiskeli hizi zenye shokapu mbele na nyuma nauliza kwanza: itanifikisha Kalinzi, kule milimani, nikiwa bado na pumzi?

Namba moja naipa aina iitwayo treili, yenye shokapu za milimeta 120 hadi 140. Namba hiyo ni kiasi gurudumu linachoweza kupanda na kushuka kufuata mawe na mashimo kabla shokapu haijagota. Kwa vijia vinavyoacha lami ya Manyovu na kuingia mashambani, vyenye mizizi na mifereji iliyochimbwa na mvua, 130 inatosha kabisa. Nyingi zina kilo 13 hadi 15, kwa hiyo kilima kirefu unakipanda umekaa, na kwenye mteremko hushuki ukiomba dua.

Inayofuata ni krosikantri, milimeta 100 hadi 120. Ni nyepesi zaidi na inakimbia. Kama starehe yako ni safari ndefu, tuseme Kigoma hadi Kasulu, ipandishe iwe ya kwanza. Ila uma wake wa mbele umesimama wima zaidi, na kwenye mteremko mkali wa mawe unahisi kama itakupindua.

Ya tatu ni enduro, 150 hadi 170. Kushuka ni raha tupu, kupanda ni kama kuvuta ng'ombe asiyetaka. Nunua kama una rafiki mwenye pikapu. Daunihili, ile ya kuteremka tu yenye milimeta 200, acha, utaisukuma.

Mkiani kabisa naziweka zile mpya za bei rahisi zenye springi mbili na rangi za kumetameta. Ndani ya shokapu hakuna mafuta ya kutuliza springi, basi inarudisha kama kitanda cha zamani, na kila unapokanyaga pedeli sehemu ya nguvu yako inaishia humo. Na ni nzito. Kwa hela hiyohiyo chukua yenye shokapu ya mbele peke yake, utanishukuru. Na kama kazi yako ni kubeba dumu la mawese, hata hii mada haikuhusu: sehemu ya nyuma inayocheza haitaki keria ya mzigo. Phoenix yako haijapata mpinzani.

Wengi wetu tutanunua mtumba, maana mpya ya maana ni mamilioni. Hapo nina kovu. Niliuziwa moja iliyong'aa, na wiki ya pili shokapu ya nyuma ikaanza kuchuruzika mafuta. Fundi wetu, hodari wa kila kitu chenye spoki, akaichungulia akacheka: "Mzee, hii si baiskeli, ni pikipiki iliyoibiwa injini." Sili zake, yaani mipira ya kuzuia mafuta, hazikupatikana mjini.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, ikalie kwa nguvu kisha futa chuma cha shokapu kwa kidole. Ukiona mafuta au mikwaruzo, rudisha. Shika gurudumu la nyuma ulitikise kulia na kushoto. Likigonga, beringi za maungio zimekwisha. Shokapu ya nyuma ya upepo inataka pampu yake maalumu, kwani nyingi hujazwa psi (kipimo cha msukumo wa upepo) 150 hadi 250, na pampu ya kijiweni haifiki huko kwa usahihi. Ukiikalia izame kama asilimia 30: chuma kinachoingia milimeta 50, kizame 15. Kuna kipira kidogo pale kinachokuonyesha kilipofika.

Mwisho, tairi. Baiskeli nyingi za sasa ni inchi 29, na utasikia muuzaji akisema la Phoenix la 28 litaingia tu. Halikai: rimu ya Phoenix ina kipenyo cha milimeta 635, ya 29 ni 622, tairi litapwaya na kuchomoka. Nunua matairi na tyubu za akiba siku hiyohiyo unayonunua baiskeli.