Picha ya zamani isiyo na jina: umuulize bibi au uichunguze mwenyewe?

Kwa gharama, kuichunguza mwenyewe kunashinda: unahitaji mwanga na kioo cha kukuzia tu. Geuza nyuma kwanza. Muhuri wa studio ukisema "Dar es Salaam, Tanganyika", huenda picha ni ya kabla ya Oktoba 1964, jina la Tanzania lilipoanza. Nasema huenda, maana mpiga picha hatupi muhuri unaofanya kazi. Maneno ya kanga yakiwa kwa herufi za Kiarabu, rudi nyuma zaidi. Suti na saa usiziamini. Studio nyingi ziliazimisha.

Ila muhuri haukwambii yule kijana ni nani. Hapo bibi hana mpinzani, ingawa nauli ya kijijini inauma na kumbukumbu huteleza. Wa kwangu alimwita mtu yuleyule shemeji asubuhi, jioni mjomba. Lakini kovu la shavuni alilitambua papo hapo, akaanza kutaja na nduguze. Mpelekee picha yenyewe, ya kwenye simu haoni vizuri. Majina andika nyuma kwa penseli laini, wino hupenya.

Wazee wakiwa hai, panda basi mwezi huu. Kama wametangulia, anza na muhuri.