Redio na kompyuta ya gari la polisi: juu ya dashibodi au kati ya viti?

Juu ya dashibodi ni rahisi: skrubu chache, waya mfupi, skrini usawa wa macho. Ila mfuko wa hewa wa abiria (airbag), unaomkinga ajalini, umefichwa papo hapo. Hufumuka kwa kasi kuliko kupepesa jicho, na kilichofungwa juu ya kifuniko chake hurushwa usoni mwa askari. Hata kifaa kilicho kando kidogo huweza kuupindisha mfuko.

Kati ya viti kuna kazi zaidi, lakini fungeni huko. Tumieni kishikilio cha modeli ya gari lenu, kinachobanwa kwa bolti za viti, kisha zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Msitoboe sakafu kiholela: kwenye magari mengi kompyuta ya mifuko ya hewa iko chini ya kasha la kati ya viti. Kabla ya yote zimeni swichi, chomoeni waya hasi wa betri na msubiri dakika zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari, maana kapasita (kihifadhi umeme) ya mifuko ya hewa hubaki na chaji. Waya za manjano, ambazo kwa kawaida ni za mifuko ya hewa, msizipime kwa taa ya majaribio, wala msichukue umeme humo.

Mkono unaoshikilia kompyuta uwekewe kizuizi. Ukizungushwa mbele ya abiria, hatari ni ileile ya dashibodi.