Bei ya kuacha nafasi ya mapatano au bei ya mthamini?

Anayeuza nyumba Dar es Salaam huwa na njia mbili za kutaja bei: kuipandisha ili abaki na nafasi ya kushuka, au kutaja kiasi kilicho karibu na thamani iliyotolewa na mthamini aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016.

Njia ya kwanza ina mantiki yake, kwa kuwa mnunuzi huja akijua kwamba bei ni maelewano, na muuzaji asiyeshusha hata kidogo huonekana mkaidi. Tatizo ni kipimo. Tuseme nyumba ya Tabata yenye thamani ya shilingi milioni 130 imetangazwa kwa milioni 190: mwenye milioni 135 mkononi hapigi hata simu, madalali huitumia kuonyesha unafuu wa nyumba nyingine, na baada ya miezi minane, rangi ikiwa imebabuka na majani yamefika dirishani, mteja anayefika huuliza kwanza ina kasoro gani.

Njia ya pili, ambayo naipendelea kwa dhati, hugharimu ada ya mthamini mwanzoni, lakini humpa muuzaji hoja. Mteja akiweka kidole kwenye ufa wa kona ya dirisha na kudai punguzo la milioni 20, anaonyeshwa ripoti ambamo ufa huo umekwisha kuhesabiwa. Nafasi ya mapatano bado ipo. Nyumba ile ya Tabata mimi ningeitangaza kwa milioni 138. Njia ya kwanza ningeikubali kwa nyumba iliyo kando ya barabara kuu tu, ambako mauzo ya kulinganisha nayo ni machache na thamani hutegemea sana biashara anayoikusudia mnunuzi.