Kozi ya Mikataba ya Wachezaji, Upper Hill: Imara kwa Hesabu, Hafifu kwa Klabu Zetu

Kozi fupi ya kuandaa mikataba ya wanamichezo, inayofundishwa Jumamosi asubuhi katika jengo moja la ofisi hapa Upper Hill, imewavutia mawakili vijana, mawakala wa wachezaji na wahasibu wachache wa klabu, nami nikiwa miongoni mwa hao wa mwisho. Waandaaji sitawataja kwa jina, kwa sababu nia yangu ni kuipima kozi, si kumharibia mtu biashara. Ukumbi ni safi, chai huja kwa wakati, na mkufunzi, ambaye ni wakili, huanza saa tatu kamili hata kama nusu ya darasa bado imekwama kwenye foleni ya magari.

Sehemu kubwa ya kozi ni somo moja tu: namna ya kuunda mkataba wa nyota wa kandanda ya Kimarekani chini ya kikomo cha mishahara, yaani kiasi cha juu ambacho klabu inaruhusiwa kuhesabiwa kwa malipo ya wachezaji wake wote kwa msimu mmoja. Uchaguzi huo unaweza kumshangaza mtu wa Nairobi, lakini una mantiki yake. NFL, ligi kuu ya kandanda hiyo, ilianza kutumia kikomo hicho mwaka 1994, na kiwango cha msingi ni kimoja kwa klabu zote, tajiri kwa maskini: dola milioni 182.5 mwaka 2021, baada ya janga la korona kuyapunguza mapato, na dola milioni 279.2 mwaka 2025. Aidha, hesabu za mikataba hiyo huchambuliwa kwa undani na bila malipo katika tovuti kama Over The Cap, hivyo mwanafunzi anaweza kurudi nyumbani na kuhakiki mwenyewe alichofundishwa.

Nguvu ya mkufunzi iko kwenye zoezi alilolibuni la mchezaji anayesaini miaka minne kwa dola milioni 160. Kati ya fedha hizo, milioni 50 ni bonasi ya kusaini, na mshahara wa msingi umepangwa kuwa milioni 1.2 mwaka wa kwanza, 28 wa pili, 38 wa tatu na 42.8 wa nne. Bonasi hulipwa mapema, lakini kwenye daftari la kikomo hugawanywa sawasawa kwa miaka ya mkataba, isiyozidi mitano. Ndiyo maana mkufunzi aliongeza mwaka wa tano ambao mchezaji hatauchezea kabisa, naye akauita mwaka hewa. Kwa mpango huo, kila mwaka unabeba milioni 10 za bonasi; mwaka wa kwanza mchezaji anapokea milioni 51.2 mkononi ilhali klabu inahesabiwa milioni 11.2 tu. Ajenti mmoja aliyekaa safu ya mbele aliinua mkono na kuuliza, "Wakili, hizo milioni arobaini nyingine amezipokea au hajazipokea?" Jibu lilikuwa kwamba amezipokea zote, na kwamba daftari la kikomo na akaunti ya benki ni vitu viwili tofauti ambavyo haviendi kwa mwendo mmoja. Kwa maoni yangu, dakika hizo peke yake zinastahili sehemu nzuri ya karo.

Kutoka hapo alituongoza hadi pale klabu zinapojitia kitanzi. Mwaka wa pili, klabu yetu ya kubuni ilikosa nafasi ya kusajili beki, ikageuza milioni 25 za mshahara wa nyota kuwa bonasi mpya na kuzitandaza kwa miaka minne iliyobaki, ukiwemo ule mwaka hewa. Mzigo wa mwaka huo ulishuka kutoka milioni 38 hadi 19.25. Darasa lilifurahi, hadi alipoonyesha mwaka wa nne, ambao ulikuwa umepanda kutoka milioni 52.8 hadi 59.05, na mwaka hewa uliokuwa sasa umebeba milioni 16.25 za mtu ambaye huenda atakuwa anachezea klabu nyingine au amestaafu. Mchezaji hapotezi chochote katika mageuzi ya namna hiyo, kwa kuwa anapokea mapema fedha ambazo angezisubiri kila wiki ya msimu. Anayelipia raha hiyo ni meneja wa miaka ijayo, ambaye mara nyingi si yule aliyetia sahihi.

Kuhusu kumwachilia mchezaji, maelezo yalikuwa mazuri vilevile. Tukirudi kwenye mkataba wa awali, kabla ya mageuzi, klabu ikimkata nyota huyo baada ya miaka miwili, milioni 30 za bonasi ambazo hazijahesabiwa huangukia mwaka wa tatu kwa mkupuo. Hizo ndizo fedha mfu, yaani zinazohesabiwa kwenye kikomo ingawa mchezaji ameshaondoka. Akikatwa kwa utaratibu wa baada ya tarehe 1 Juni, mwaka wa tatu hubeba milioni 10 na mwaka unaofuata milioni 20. Mfano halisi uliotolewa ni wa Russell Wilson, ambaye Denver Broncos walimwachilia mwaka 2024 na kubaki na fedha mfu za dola milioni 85, zilizogawanywa katika misimu miwili.

Mfano wa Deshaun Watson ulinifundisha zaidi. Mwaka 2022 Cleveland Browns walimpa miaka mitano kwa dola milioni 230, zote zikiwa zimehakikishwa, na mshahara wa msingi wa mwaka wa kwanza ukawekwa kuwa dola milioni 1.035 tu. Baadaye klabu ilirudi mara kwa mara kugeuza mshahara wake kuwa bonasi ili ipumue. Katika NFL sehemu kubwa ya mshahara wa miaka ya mwisho ya mikataba mingi haihakikishwi, hivyo ile jumla inayotangazwa magazetini haina maana kubwa mpaka mtu aulize ni kiasi gani mchezaji atalipwa hata akiumia au akishuka kiwango. Mkufunzi alisisitiza kwamba wakala mzuri hupigania dhamana kwanza na jumla baadaye, na sina la kumpinga.

Ninapotofautiana naye ni pale alipolichukua somo hilo zima na kulihamishia kwenye klabu zetu bila kubadilisha chochote. Somo la mwisho lilitutaka tuandike mkataba wa mshambuliaji wa klabu ya hapa Nairobi kwa kutumia bonasi inayotandazwa na miaka hewa. Sasa, klabu za hapa hazibanwi na kikomo cha mishahara. Zinabanwa na salio la benki. Kuitandaza bonasi kwenye daftari kunasaidia tu pale ambapo kuna msimamizi wa ligi anayelikagua daftari hilo na fedha taslimu zipo tayari. Mweka hazina anayesubiri mdhamini alipe ndipo naye alipe wachezaji hawezi kutoa bonasi kubwa siku ya kwanza, na mwaka hewa haumpunguzii hata shilingi moja.

Isitoshe, sheria zinazotuhusu ni nyingine. Kanuni za FIFA zinaweka ukomo wa miaka mitano kwa mkataba wa mchezaji wa kulipwa, isipokuwa pale sheria ya nchi inaporuhusu zaidi, na klabu haiwezi kumkata mchezaji katikati ya mkataba kwa sababu tu amekuwa ghali. Ikifanya hivyo bila sababu ya haki, inadaiwa fidia. Kwa upande mwingine, mchezaji ambaye hajalipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kutoa notisi ya maandishi ya siku 15 kisha akavunja mkataba kihalali. Kipengele hicho ndicho mhasibu wa klabu ya Kenya anapaswa kukijua hata akiamshwa usiku, lakini kilitajwa kwa sentensi mbili. Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo, lililoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, halikutajwa kabisa hadi mwenzetu mmoja alipouliza.

Hata daraja kati ya Marekani na soka letu lilikuwapo, ila halikutumika. Kila mtu darasani alikumbuka Agosti 2021, wakati Barcelona iliposhindwa kumbakisha Lionel Messi kwa sababu ya mipaka ya fedha ya ligi ya Uhispania. Vilevile wengi walijua kwamba Chelsea ilimsaini Mykhailo Mudryk mapema 2023 kwa miaka minane na nusu, jambo lililoiwezesha kutandaza ada ya uhamisho kwa muda mrefu, hadi UEFA ilipoweka ukomo wa miaka mitano katika hesabu zake. Hesabu ya Mudryk inahusu ada, si mshahara, lakini mbinu ni ileile ya bonasi ya NFL, pamoja na ule ukomo wake wa miaka mitano. Mifano hiyo miwili ingewashika wanafunzi haraka kuliko majina ya walinzi na warushaji ambao wengi wetu tulikuwa tukiyasikia kwa mara ya kwanza.

Kwa wakala au wakili anayetarajia kumwakilisha Mkenya atakayesajiliwa Marekani, ningesema ajiandikishe bila kusita. Mweka hazina wa klabu ya ligi zetu ahudhurie masomo ya hesabu, kisha amwombe mkufunzi atenge muda wa kutosha kwa kanuni za FIFA, maana akiulizwa, anazifahamu vizuri.

Jambo moja la kuzingatia kabla ya kulipa: jedwali la kompyuta mnalopewa lina ukurasa wa fedha mfu uliofungwa kwa nywila, kwa hiyo unaona majibu bila kuona fomula. Omba nakala iliyo wazi mapema. Mimi niliomba mwishoni, nikaahidiwa, na bado naisubiri kwenye barua pepe.