Mionzi ya Ubongo Mzima au Mionzi ya Kulenga Uvimbe?

Saratani iliyosambaa hadi kwenye ubongo huweza kutibiwa kwa mionzi ya ubongo mzima, mara nyingi grei 30 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) zinazogawanywa katika vipindi 10, au kwa mionzi ya kulenga, ambayo hutolewa kwa dozi kubwa katika kipindi 1 hadi 5. Njia zote mbili hukata nyuzi za DNA, na seli nyingi za uvimbe hufa zinapojaribu kugawanyika.

Katika kuzuia vivimbe vipya, mionzi ya ubongo mzima hushinda, kwa kuwa hufikia hata seli zisizoonekana kwenye picha za MRI. Hasara yake, ambayo kwa maoni yangu wagonjwa hawaelezwi vya kutosha, ni kudhoofika kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Na kwa wenye vivimbe 1 hadi 4, kuiongeza juu ya mionzi ya kulenga hakujaonekana kurefusha maisha. Mionzi ya kulenga huhifadhi akili vizuri zaidi, lakini humlazimu mgonjwa kupimwa MRI kila baada ya miezi 2 au 3, na wakati mwingine tishu zilizopigwa mionzi hufa na kuvimba.

Mwenye vivimbe vichache, anayeweza kufuatiliwa kwa karibu, ana sababu nzito ya kuchagua kulenga. Aliye na vivimbe vingi vilivyotapakaa huenda akahitaji ubongo mzima.