Kiti 34C: chaji nzuri, vitufe mahali pabaya

Saa nane za usiku, taa za ndege nzima zimezimwa, nilimwita mhudumu mara tatu bila kujua. Paja langu ndilo lililomwita. Vitufe vya kiti vilikuwa upande wa ndani wa kiegemeo cha mkono, vya kugusa tu juu ya kioo bapa, na kila nilipojigeuza kutafuta usingizi, kile cha kumwita mhudumu kiliwaka. Mara ya tatu dada wa watu alikuja amechoka kabisa. Nilimwomba radhi, nikakaa wima kwa muda mrefu mguu usije ukagusa tena. Nisingesumbuka kuandika kama kiti chenyewe kingekuwa kibovu chote. Lakini kwa upande wa chaji kilinifurahisha kuliko kiti chochote nilichowahi kukalia angani.

Mimi ni fundi simu. Kwa miaka kumi na mbili kazi inayonijia kila siku ni kubadilisha sistimu chaji, yaani lile tundu la simu linalopokea kebo, kwa hiyo nikikaa popote penye tundu la kuchajia, nalichungulia kwanza. Safari ilikuwa ya saa tisa, daraja la kawaida, viti vitatu upande wetu. Chini ya skrini kulikuwa na matundu mawili, USB-C na ile USB-A ya zamani. Soketi ya plagi ilikuwa chini kabisa, kati ya viti, usawa wa ugoko.

Nina kipimo kidogo cha umeme ambacho hukaa kati ya kebo na tundu. Natembea nacho kila mahali. Kwenye USB-C kilisoma volti 9 na ampea 2.2, yaani karibu wati 20, kikatulia hapohapo. Simu ilipanda kutoka asilimia 18 hadi 80 ndani ya saa moja. Aliyewahi kutumia matundu ya kwanza ya ndege, yale ya volti 5 na nusu ampea, anajua uchungu wake: unachaji huku unaitumia simu, na asilimia zinashuka.

Kuna jambo lingine ambalo abiria halioni ila fundi analiona. Viwango vya USB vinataka tundu la kawaida la USB-A livumilie kuchomekwa na kuchomolewa mara 1,500, na la USB-C mara 10,000. Chukua kiti kinachoruka safari mbili kwa siku, na watu wachomeke mara tatu kila safari. La kwanza linafikia kiwango chake baada ya siku 250. La pili linakwenda zaidi ya miaka minne. Kwenye kiti changu lile la USB-A lilikuwa limeshalegea, kebo ikiguswa kidogo tu chaji inakatika, na jirani yake bado linabana vizuri.

Soketi ya chini ni habari nyingine. Imetengenezwa ipokee plagi za nchi nyingi, na kwa sababu hiyo haiishiki yoyote kwa nguvu. Chaja ya kompyuta yangu, yenye uzito wake, ilidondoka mara mbili. Taa ndogo ya kijani pale ina maana yake, na watu wengi huiona imezima wakadhani soketi imekufa. Umeme wa ndege kwa kawaida ni volti 115 za hezi 400, yaani mizunguko 400 kwa sekunde, kwa sababu mizunguko mingi hivyo huruhusu transfoma ndogo na nyepesi. Kisanduku kilicho chini ya viti ndicho kinachoubadilisha uwe wa hezi 60 ambao chaja yako inaujua. (Ndicho hicho kinachokunyima nafasi ya mguu mmoja.) Kuna kidhibiti kinachohesabu mzigo wote. Abiria wakichomeka vitu vingi kupita kiwango, soketi zinazofuata haziwashwi mpaka wengine wachomoe. Kwa hiyo ukikuta taa imezima, jaribu tena baada ya nusu saa kabla ya kulalamika.

Sasa kasoro ambayo kwangu ni kubwa kuliko zote: wameweka tundu la chaji bila kuweka mahali pa kulaza simu. Mfuko wa mbele ni wa kina na kebo inajikunja humo. Meza ikifungwa, simu inabaki mapajani, na mtu akisinzia inateleza. Yangu iliteleza ikaingia kwenye mwanya kati ya kiti na kiegemeo. Nilinyoosha mkono kwenye kitufe cha kulaza kiti nipanue nafasi, na yule mhudumu, aliyekuwa akipita, akanizuia: "Kaka, usisogeze kiti hata kidogo." Alikuwa sahihi. Vyuma vya kiti vikiibana simu, betri ya lithiamu inaweza kupasuka ndani na kuwaka. Nimeshaona betri iliyobanwa na bisibisi mezani kwangu, moshi wake ni mzito na moto wake haungoji. Yeye alileta tochi, tukainua mto wa kiti taratibu, tukaitoa. Kijirafu cha upana wa vidole vinne chini ya yale matundu, chenye ukingo na mpira usioteleza, kingeondoa hatari yote hiyo.

Turudi kwenye vitufe. Najua kwa nini wabunifu wanapenda kioo bapa: kinafutika kirahisi, kinywaji kikimwagika hakipenyi, na hakuna kinachochomoza. Viti vya ndege vina masharti makali. Tangu 1988 kanuni za Marekani zinataka viti vya aina mpya za ndege za abiria vihimili kishindo cha mara 16 ya nguvu ya mvutano wa dunia, na kichwa cha abiria kisiumizwe na kilicho mbele yake. Siombi kifundo kitokeze mbele ya uso wa mtu. Naomba mwinuko wa milimita moja, ubavuni, ambao kidole kitaupata gizani, na kitufe cha mhudumu kiwekwe mbali na cha taa.

Mfano mzuri wanao kwenye kiti hichohicho. Kitufe cha kulaza kiti ni cha chuma, cha duara, kimezama kidogo. Ukikibonyeza unasikia waya ukivuta na silinda ya gesi chini ikiachia. Hakihitaji umeme. Sikuwahi kukikosa wala kukigusa kwa bahati mbaya, usiku mzima.

Jirani yangu wa 34B alikuwa mzee mwenye miwani mizito. "Mwanangu, taa inawashwa wapi?" Nikamwonyesha. Baada ya robo saa akataka kuizima, akamwita mhudumu. Akajaribu tena, akamwita tena, akaona haya, akaacha taa iwake na kufunika macho kwa leso. Mtu mzima wa umri ule hakustahili kuona haya kwa sababu ya kioo bapa.

Chaji ya USB-C naipa nyota tano, soketi ya chini mbili, vitufe moja. Ukipangiwa kiti cha aina hii, njoo na kebo yenye kichwa kilichopinda, na uvipapase vile vitufe mara moja taa zikiwa bado zinawaka.

Mimi nilikuwa na tepu ya umeme begini. Nilikata kipande kidogo kama punje ya mchele, nikakibandika ukingoni mwa kitufe cha taa cha yule mzee, nikaushika mkono wake nikamwelekeza. Aliizima, akaiwasha, akaizima tena. "Ahsante, mwanangu," akasema, na akalala. Tuliposhuka nilikiacha kipande kile palepale.